Nani Alitangulia Bondeni? Uhakiki wa Hadithi za Asili, kutoka Indus hadi Kilombero

Kitabu cha Esta kinaanza kwa kupima ukubwa wa ufalme. Katika sura ya 1, mstari wa 1, tunaambiwa kwamba Ahasuero alitawala majimbo 127, na mipaka ya utawala wake inatajwa kwa majina mawili: upande mmoja Bara Hindi, upande wa pili Kushi, nchi iliyo kusini mwa Misri. Wengi wetu huupita mstari huo mbiombio tukiwahi karamu ya mfalme na habari za malkia Vashti. Tukisimama kidogo tutaona kwamba mwandishi ameiweka Asia ya mbali na Afrika katika pumzi moja.

Jina la Kiebrania lililotafsiriwa Bara Hindi ni Hodu, nalo ni jina la mto. Wenyeji wa huko waliuita mto wao Sindhu. Waajemi walilitamka Hindu, Wagiriki wakasema Indus, Waarabu wakasema Hind, na sisi tukapata Uhindi, Mhindi na Mhindu. Hata mahindi tunayochoma barabarani hapa Ifakara yamebeba jina hilo, ingawa zao lenyewe lilitoka upande wa Mexico. Lilitujia kwa njia ya bahari, na wazee wakaliita kwa jina la watu wa ng'ambo waliowajua. Sukari inayotengenezwa Kilombero nayo ina jina lililozaliwa katika Kisanskriti, likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi likafika mezani petu.

Basi neno Mhindu halikuanza kama jina la dini. Lilikuwa jina la watu wa upande ule wa mto, kama vile mtu wa Dar es Salaam anavyoweza kusema "watu wa Kilombero" na kuwatia katika neno hilo Mndamba, Mbunga, Mpogoro, Mbena na Msukuma bila kuuliza yeyote kati yao anasali wapi.

Tumeanza na majina kwa sababu hadithi za asili huanza hivyo: jina moja hutandazwa juu ya watu wengi, kisha hutafutwa babu mmoja wa jina hilo. Katika makala haya tunapima hadithi mbili za namna hiyo. Ya kwanza inahusu bonde la Indus na chanzo cha jamii ya Wahindu. Ya pili inahusu bonde letu wenyewe. Tunazipima pamoja kwa kuwa swali lililo ndani yake ni moja, nalo linasikika siku hizi katika mabaraza ya vijiji na hata katika mazungumzo ya washarika baada ya ibada: nani alitangulia, na aliyekuja baadaye ana haki gani?

Miji ya Indus na mshindi wa kutungwa

Mwaka 1924 John Marshall, mkuu wa idara ya mambo ya kale katika India iliyotawaliwa na Waingereza, aliutangazia ulimwengu kwamba miji mikubwa ya kale imefukuliwa katika bonde la Indus. Kazi ya mwanzo ilifanywa na wanaakiolojia Wahindi, Daya Ram Sahni huko Harappa na R. D. Banerji huko Mohenjo-daro. Leo mahali hapo pawili pako nchini Pakistan.

Miji hiyo ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, karne nyingi kabla ya Musa. Matofali yake yalifuata kipimo kimoja: upana mara mbili ya unene, urefu mara mbili ya upana. Mitaa ilinyooshwa, visima vilichimbwa kwa wingi, na maji machafu yalipita katika mifereji iliyofunikwa. Mawe ya kupimia uzito yalilingana toka mji hadi mji. Mihuri yao midogo ya mawe imeokotwa hadi Mesopotamia, ushahidi kwamba walifanya biashara ya mbali. Mji mmojawapo, Dholavira, uko Kutch katika jimbo la Gujarat. Huko Kutch ndiko walikotoka Mabaniani wengi waliofanya biashara Unguja na mwambao wetu katika karne ya 19. Jairam Shivji, Mhindu aliyesimamia ushuru wa forodha wa Sultani wa Unguja, alikuwa wa nyumba ya biashara ya Kutch. Waswahili wakatunga methali juu ya watu hao: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali inakiri kwamba tuliwahitaji, lakini haiulizi walikuwa akina nani.

Je, watu wa miji ile ndio waliokuwa Wahindu wa kwanza? Marshall alidhani ameona dalili. Katika muhuri mmoja kuna umbo lenye pembe, limeketi miguu imekunjwa, na wanyama wamelizunguka. Alisema huyo ni mungu Shiva katika umbo lake la awali. Bwawa kubwa la Mohenjo-daro lilimkumbusha mtu yeyote desturi ya Wahindu ya kuoga kwa utakaso. Lakini wataalamu wengine wamelipinga jina la Shiva kwa umbo lile, na maandishi ya mihuri hayajasomwa na mtu hadi leo. Bwawa linaweza kutuambia watu walioga. Haliwezi kutuambia waliomba nini walipokuwa wakioga.

Upande mwingine kuna Veda, nyimbo za ibada zilizo msingi wa dini ya Wahindu. Ya kale kuliko zote, Rig Veda, ilitungwa baada ya miji ile kufifia, kuanzia mwaka 1500 KK hivi, ikahifadhiwa kwa kukariri vizazi kwa vizazi. Ndani yake kuna ng'ombe, farasi, moto wa sadaka na mito, wala hakuna maisha ya miji yenye mifereji. Lugha yake ni ndugu wa Kigiriki na Kilatini, jambo alilolieleza William Jones huko Calcutta mwaka 1786.

Hapo ndipo hadithi ya mshindi ilipozaliwa. Kutokana na undugu wa lugha, waandishi wengi wa Ulaya wa karne ya 19 walitunga undugu wa damu. Walisema lilikuwapo taifa moja la Waarya, watu weupe na mashujaa, walioshuka India wakawashinda wenyeji weusi na kuwaweka chini kabisa katika ngazi ya matabaka. Miji ya Indus ilipofukuliwa, hadithi ikapata mahali pa kutendeka. Mortimer Wheeler alichimba Harappa mwaka 1946, akaona kuta za ngome, akaunganisha kuta hizo na mifupa ya watu iliyokutwa Mohenjo-daro katika mitaa na vyumba, kisha akatoa shtaka: Waarya waliteketeza miji hii, na mungu wao wa vita, Indra, ndiye mshtakiwa.

Ni shtaka linalosisimua, na msomaji hulimeza kwa urahisi. Lakini hakimu mwema huuliza ushahidi. Mwaka 1964 mwanaakiolojia Mmarekani George Dales aliipitia mifupa ile akaonyesha kwamba shtaka halisimami. Mifupa haikuwa ya siku moja wala ya kipindi kimoja. Haikukutwa kwenye ngome, mahali ambapo watetezi wa mji wangefia. Hapakuwa na mabaki ya vita wala mji uliochomwa. Wheeler mwenyewe baadaye alilegeza kauli yake. Siku hizi watafiti huelekeza macho kwenye mvua za msimu zilizopungua na mito iliyobadilika. Watu walihama polepole wakaelekea mashariki, wakaishi vijijini. Sisi tunaoishi katika bonde la mafuriko hatuhitaji mfasiri kutueleza jinsi mto unavyoweza kuhamisha kijiji bila mkuki kurushwa.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili na kusema hakuna mgeni aliyekuja. Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili za vinasaba. Moja ilipima mabaki ya mwanamke aliyezikwa Rakhigarhi wakati wa miji ya Indus, na hakukutwa na nasaba ya wafugaji wa nyika za kaskazini. Nyingine ilipima mabaki ya watu wa kale zaidi ya 500 na kuonyesha kwamba wafugaji hao waliingia Asia ya Kusini kati ya mwaka 2000 na 1500 KK, wakachanganyika na waliokuwapo. Wahindi wengi wa leo wamebeba damu ya pande zote mbili. Wageni walikuja, ila hawakulikuta bonde tupu, na hawakuleta kila kitu. Jamii ya Wahindu ilikua katika mchanganyiko huo kwa muda wa karne nyingi, mkulima na mfugaji wakipeana mungu, neno, binti na mbegu.

Hadithi moja, mabwana wengi

Uhakiki wa hadithi hauishii kwenye ukweli wake. Ni lazima kuuliza pia nani aliitumia, na kwa faida gani.

Rig Veda katika kitabu cha 10 ina wimbo unaosimulia jinsi makundi manne ya watu yalivyotoka katika mwili wa mtu wa kwanza: makuhani kinywani, wapiganaji mikononi, wakulima na wafanyabiashara mapajani, watumishi miguuni. Wazungu waliousoma wimbo huo pamoja na hadithi ya Waarya walipata maelezo ya haraka: mguu ni mwenyeji aliyeshindwa, kinywa ni mgeni aliyeshinda. Mtawala wa Kiingereza akafurahi, kwa maana naye alikuwa mgeni aliyeshinda.

Mwaka 1873 Jyotirao Phule, mtetezi wa watu wa matabaka ya chini, aliichukua hadithi hiyo hiyo akaigeuza. Alisema ikiwa makuhani Wabrahmani ni wavamizi, basi nchi ni mali ya wale waliokandamizwa. Baadaye V. D. Savarkar, katika maandishi yake ya mwaka 1923, aliweka kipimo kingine: Mhindu ni yule ambaye India ni nchi ya baba zake na pia nchi yake takatifu. Kwa kipimo hicho Mkristo aliyezaliwa India, aliyezikiwa mababu India, hubaki mgeni nyumbani kwake kwa sababu moyo wake unaitazama Yerusalemu. Ndugu zetu katika Kristo huko wanaishi na uzito wa kipimo hicho hadi leo.

Anayetufundisha zaidi ni B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya watu walioitwa wasioguswa na baadaye akaongoza kamati iliyoandaa Katiba ya India. Hadithi ya uvamizi ingempa fimbo ya kuwachapia Wabrahmani. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu asili ya tabaka la watumishi, aliikataa, kwa kuwa hakuona ushahidi wake ndani ya Veda zenyewe. Hakuhitaji kuthibitisha kwamba watu wake walifika kwanza ili wapewe maji katika kisima cha kijiji. Kwake utu wa mtu ulitosha.

Hamu katika Afrika yetu

Washarika wengine watasema hayo ni mambo ya Wahindi. Sivyo. Hadithi ya mshindi mweupe aliyeshuka na ustaarabu ina pacha wake huku kwetu, na pacha huyo alivishwa nguo za Biblia.

Katika Mwanzo sura ya 9, Nuhu anatamka laana. Kwa karne nyingi wahubiri walisema ni laana juu ya Hamu, na kwamba Hamu ni baba wa Waafrika, kwa hiyo utumwa wa Mwafrika umeandikwa. Anayesoma mstari wa 25 kwa makini anaona kwamba aliyelaaniwa ni Kanaani, wala si Kushi. Mafundisho yote yale yalijengwa juu ya jina ambalo halimo katika laana yenyewe.

Kisha hadithi ikageuzwa tena. Mwaka 1863 msafiri John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu hawakuwa wenyeji, ila wageni wafugaji waliotoka upande wa Ethiopia. Wataalamu wakaendeleza. C. G. Seligman, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya mbari za Afrika, alidai kwamba ustaarabu wowote wa maana katika bara hili uliletwa na Wahamu, watu aliowahesabu kuwa ndugu wa weupe. Mwafrika aliachiwa mawili: kulaaniwa kwa sababu ya Hamu, au kutokuwa na lolote mpaka Hamu amletee.

Mwisho wa hadithi hiyo uliandikwa Rwanda. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliuhutubia umati, akawatisha Watutsi kwamba watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea mtoni humo, zikaingia Kagera, zikafika Ziwa Viktoria mbele ya macho ya Watanzania. Wauaji wengi na waliouawa wengi walikuwa wamebatizwa. Hadithi iliyoanza kama dhana ya msafiri juu ya nani alitangulia iliishia kumwaga damu mtoni, na kanisa lilikuwa limekaa miongoni mwa wasikilizaji bila kuikemea mapema.

Ubena wa Mito: kitabu kinachohusu nyumba yetu

Sasa tugeukie bonde letu. Mwaka 1935 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, yaani Ubena wa Mito, cha A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick. Bwana Culwick alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Ndani yake kuna sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, na hilo ni jambo la heshima: katika miaka ile wenyeji wengi waliandikwa, wachache waliandika.

Ni kitabu chenye thamani, na anayetaka kuujua Ulanga wa zamani hana budi kukitafuta. Waandishi walikaa, wakasikiliza, wakaandika kwa undani juu ya kilimo, ndoa, mazishi na mamlaka. Wala hawakuficha kwamba watu walioitwa Wabena wa Mito walikuwa na asili nyingi, wakiunganishwa na utii wao kwa mtema.

Tatizo tunalolionyesha liko katika dirisha ambalo kitabu kinachungulia. Ukoo wa watawala, Wamanga, ulishuka bondeni kutoka nyanda za juu katika karne ya 19, wakati wa vita na Wahehe. Kabla yao bonde lilikuwa na Wandamba, wavuvi na wajuzi wa mitumbwi, watu ambao ofisa mwingine, A. G. O. Hodgson, aliandika juu ya desturi zao za uwindaji mwaka 1926. Palikuwa na Wapogoro wa upande wa Mahenge. Wambunga, watu wenye historia inayogusana na safari za Wangoni, walikuja wakashika maeneo ya Ifakara. Lakini jalada la kitabu linaita nchi ya mito kwa jina la waliofika na kiti cha enzi. Mndamba aliyemfundisha mgeni mahali pa kutega kambale anaingia katika kitabu kama raia wa mtema.

Hilo halikutokea kwa bahati. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliweka utaratibu wa kutawala kupitia machifu. Serikali ilitaka kila mtu awe na kabila, kila kabila liwe na chifu, na kila chifu awe na historia ya kumwonyesha kuwa ni wa halali. Historia ya asili ikawa kama hati ya ofisini. Aliyeweza kuonyesha ukoo wake ulivyotawala alipata kiti, mahakama na mshahara. Asiyekuwa na chifu wa kuonyesha aliwekwa chini ya mwenye chifu. Uchifu wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, lakini tabia ya kuzungumza juu ya asili kama hati ya kumiliki watu haikufutwa na sheria hiyo.

Ukiweka kitabu hiki kando ya hadithi ya Wheeler utaona tofauti na ufanano. Culwick hakubuni mauaji yasiyokuwapo, na Mtema Kiwanga alieleza mambo ya nyumbani kwake. Lakini katika habari zote mbili bonde linaanza kuonekana pale anaposhuka mtu wa kutawala. Waliokuwapo kabla yake ni udongo wa kujengea.

Mto wenyewe unakataa masimulizi hayo. Kilombero hauna chanzo kimoja. Unakusanya Ruhuji, Mnyera, Mpanga, Kihansi na vijito visivyohesabika kutoka Udzungwa na milima ya Mahenge, kisha unakutana na Luwegu ili kuwa Rufiji. Anayesema maji ya Rufiji ni ya mto mmoja tu kati ya hiyo atachekwa na mvuvi yeyote.

Maandiko yanasimuliaje asili?

Wapendwa, Biblia nayo ina hadithi ya watu walioingia katika nchi yenye wenyeji. Kwa hiyo sisi hatuna nafasi ya kuwahukumu Wahindu kana kwamba swali hili halituhusu. Yoshua aliingia Kanaani, na watu wamekitumia kitabu chake kuhalalisha kunyang'anya nchi za wengine. Ni lazima tukisome pamoja na sauti nyingine zilizomo humo humo katika Maandiko.

Katika Kumbukumbu la Torati 26:5 Mwisraeli anayeleta malimbuko anaagizwa kukiri mbele ya madhabahu kwamba baba yake alikuwa Mwaramu mwenye kutangatanga. Siku ya mavuno, kikapu kikiwa kimejaa, anatakiwa akumbuke ugeni wake. Ezekieli 16:3 inaiambia Yerusalemu, mji mtakatifu, kwamba baba yake ni Mwamori na mama yake Mhiti. Mwebrania aliyejivunia damu safi alipigwa kofi na nabii wake mwenyewe. Na katika Amosi 9:7 Mungu anawalinganisha Waisraeli na Wakushi, kisha anasema kwamba yeye aliyewatoa Israeli Misri ndiye pia aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Waaramu Kiri. Yaani kila taifa lina safari yake, na Mungu alikuwako katika safari ya kila mmoja. Paulo aliwahubiria Waathene jambo hilo hilo katika Matendo 17:26, kwamba mataifa yote yametokana na mmoja.

Kutokana na hayo tunasema neno kuhusu jirani zetu Wahindu. Wakristo wengine hudhani wameushinda Uhindu wakisema hauna mwanzilishi, umechanganyika, umetoka huku na huku. Wahindu wengine nao hudhani wameshinda wakisema Veda ni za kale kuliko Injili. Pande zote mbili zimekosea mizani. Umri wa dini hauthibitishi ukweli wake, na kuchanganyika kwa historia hakuthibitishi uongo wake. Sisi tunamshuhudia Kristo kwa kuwa alikufa na kufufuka, na ushuhuda huo hauhitaji kumdhalilisha babu wa mtu.

Bonde letu leo

Bonde la Kilombero ni ardhi oevu ya karibu hekta 800,000 iliyoorodheshwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002. Katika miongo ya karibuni limepokea watu wengi. Wakulima wamekuja kufuata mpunga. Wafugaji, Wasukuma na Wamang'ati miongoni mwao, wamekuja kufuata majani na maji. Majaruba na njia za ng'ombe zimegongana. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Watu walipoteza mali, na maneno machungu yalibaki pande zote.

Tunaona tena mkulima na mfugaji ukingoni mwa mto, kama kule Indus karibu miaka 4,000 iliyopita. Na maneno ni yale yale: wenyeji na wakuja, waliotukuta na tuliowakuta. Ukimuuliza anayesema "wakuja" babu yake alifika lini, mara nyingi hadithi inapita Njombe, Songea au Mahenge kabla ya kufika Ifakara.

Lakini tuwe waangalifu hapa, kwa maana ukweli huu una ncha mbili. Wapo wanaosema, "Sote ni wageni," ili wachukue bila kuulizwa. Mwenye ng'ombe mia tano anaweza kusema hivyo akipitisha mifugo katika mpunga wa mjane. Mwenye mtaji anaweza kusema hivyo akipima mashamba ya kijiji. Mndamba anayepoteza mwalo wake wa kuvulia ana haki ya kusema kwamba baba zake waliujua mto huu, na kanisa lina wajibu wa kumsikia. Ahabu alikuwa na fedha na cheo, lakini katika 1 Wafalme 21 Mungu alisimama na Nabothi na shamba la urithi wake.

Basi tuyashike yote mawili. Walawi 25:23 inasema nchi ni ya Mungu, na wote wanaoishi juu yake ni wageni na wasafiri kwake. Kwa hiyo kutangulia hakumpi mtu ruhusa ya kumfukuza jirani kama mnyama. Na kwa sababu hiyo hiyo, kuchelewa kufika hakumpi mtu ruhusa ya kula urithi wa aliyemkuta. Migogoro ya ardhi iamuliwe kwa mipaka iliyopimwa, kwa mikutano ya kijiji iliyo wazi, kwa fidia ya haki na kwa sheria inayomgusa tajiri na maskini sawasawa. Isiamuliwe kwa hadithi za damu.

Kazi ya kanisa katika jambo hili iko ndani ya uwezo wetu. Wazee wetu wanaondoka na kumbukumbu zao. Vijana wa kipaimara wangeweza kutumwa kuwauliza: mlitoka wapi, mlimkuta nani, nani aliwapa moto siku ya kwanza? Waulizwe wazee wa Kindamba, wa Kibena, wa Kisukuma, na mzee wa Kihindi mwenye duka akiwapo. Habari zao ziandikwe pamoja katika daftari moja la usharika, bila kumweka mmoja kuwa mlango wa wengine. Tusifiche vita vilivyokuwapo, wala tusitunge visivyokuwapo. Daftari hilo litakuwa na kasoro zake, lakini litaonyesha jambo ambalo kitabu cha mwaka 1935 hakikuweza kulionyesha kutoka dirisha lake: kwamba katika kila safari ya kuja bondeni, alikuwapo mtu aliyempokea mgeni. Mtu huyo ndiye tunayemtafuta, kwa maana Bwana wetu amesema katika Mathayo 25 kwamba siku ya hukumu atauliza habari za kupokea wageni. Hakuna mahali anaposema atauliza nani alifika kwanza.